Msiwaite wote furu

Maneno niliyowaambia wavuvi, akina mama wachuuzi na wanafunzi wa sekondari kwenye mwalo wa Igombe, Ziwa Victoria, Mwanza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila nimepunguza marudio.

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ahsanteni kwa kuja, maana najua kuna dagaa juani wanaotaka kugeuzwa. Wadogo zangu wa sekondari, sogeeni mbele. Nimekuja na ndoo, na aliyekaa nyuma hataona kitu.

Humu ndani mna samaki sita. Nimepewa na kaka mmoja aliyeinua nyavu zake alfajiri kule kwenye mawe. Nilimuuliza, "Kaka, hawa samaki gani?" Akanijibu kama ambavyo wengi wenu mngenijibu: "Furu tu hao." Hilo neno "tu" ndilo lililonileta kuzungumza nanyi.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Ninachosoma ni mageuko ya samaki, yaani namna kiumbe wa aina moja anavyozaa, wajukuu wakazaa wengine, hadi baada ya vizazi vingi ukoo ule ule unakuwa aina mbili, aina kumi, aina mia. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Majirani zake wa mezani humuuliza, "Hivi furu ana nini cha kumsomea miaka minne?" Ni swali zuri. Naomba nilijibu hapa, kwa watu wanaomjua furu kuliko maprofesa wengi.

Tuanze na huyu jike. Njoo, mdogo wangu, lowesha mikono kwanza, kisha mshike taratibu. Unaona chini ya taya palivyotuna, kama mtu aliyejaza maji ya kusukutua? Haya, mrudishe majini, mguse mdomo kwa ncha ya kidole. Umewaona? Hao wanaotoka, wembamba kama punje za mchele zilizoota macho, ni wanawe. Furu hawa, mama akitaga huyaokota mayai papo hapo na kuyaweka mdomoni, akakaa nayo na watoto wake kwa wiki mbili, hata tatu, karibu bila kula. Sangara humwaga mayai mamilioni kisha akaenda zake. Furu anazaa wachache na kuwalea. Kwa hiyo ukivua jike mmoja wa namna hii umevua nyumba nzima. Tutamrudisha tukimaliza mazungumzo, tumwache sasa apumue.

Huyu mwingine ni dume. Rangi ya kijivu inayovutia kwenye bluu, na milia myeusi inayoshuka ubavuni. Ukiwaambia watoto wakitafutie jina, watasema punda milia. Na ndilo jina lake duniani kote: *Pundamilia pundamilia*. Wanasayansi wa Ujerumani, Marekani na Japani wanalitamka Kiswahili hicho hicho katika makala zao. Ana ndugu yake anayefanana naye kwa umbo, ila mgongo wake ni mwekundu na ubavu ni wa manjano. Huyo anaitwa *Pundamilia nyererei*. Naam, wazee, kwa heshima ya Mwalimu. Alipewa jina hilo mwaka 1985. Leo sina wa kuwaonyesha akiwa hai, nina picha niliyompiga kisiwani Makobe, nitaipitisha. Niliipiga haraka sana, kwa sababu rangi ya furu haingoji. Akishafariki, wekundu ule unafifia mkiwa bado mnamtazama.

Majike wa hao wawili wamefifia rangi, na ukiwaweka pamoja kwenye sahani hata mimi nahangaika kuwatofautisha. Wenyewe hawahangaiki. Jike wa punda milia anamfuata dume wa bluu, jike wa nyererei anamfuata mwekundu. Uchaguzi huo, jike mmoja baada ya mwingine, kizazi baada ya kizazi, ndio unaozifanya aina mbili zibaki mbili.

Sasa umri wa jambo hili. Ziwa hili mnalolijua kama bahari liliwahi kukauka. Kwenye matope ya chini kabisa watafiti wamekuta tabaka la udongo wa nchi kavu, na makala iliyotangaza hayo ilitoka mwaka 1996. Maji yalirudi miaka kama 15,000 iliyopita. Tangu hapo, humu ndani zimetokea aina zipatazo 500 za furu. Kwa mtu wa kawaida miaka 15,000 ni mingi. Kwa anayesoma mageuko ni kama jana jioni. Hakuna mahali pengine duniani panapojulikana ambapo wanyama wenye uti wa mgongo wamegawanyika kuwa aina nyingi kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo. Na wametoka kwenye mchanganyiko: mwaka 2017 Joana Meier na wenzake walionyesha kwa vinasaba kwamba mababu wa furu wetu ni machotara wa koo mbili, moja yenye asili ya upande wa Kongo na nyingine upande wa Nile. Mchanganyiko ule ndio uliowapa akiba ya kuchagulia.

Kuna kazi moja ninayoipenda kuliko nyingine zote. Watafiti walitoboa sakafu ya ziwa na kutoa mihimili ya matope, kisha mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, Nare Ngoepe, akayachekecha matope yale akitafuta meno ya samaki. Jino la furu mdogo ni kama chembe ya mchanga. Yalipatikana zaidi ya 7,000, na matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Fikirini mama anayechambua mchele kwenye ungo, lakini mchele wenyewe ni tope, na pumba anayoitafuta inaonekana kwa hadubini. Meno yale yalisema nini? Kwamba furu hawakuwatangulia samaki wengine kufika humu. Walifika pamoja nao maji yalipoanza kujaa. Ila wengi wa wale wengine walibaki pembezoni, na furu wakalifuata ziwa kila lilipoelekea, hadi vilindini.

Kwa nini wao? Sehemu ya jibu imo kooni. Furu ana taya mbili: moja ya mdomoni ya kukamatia, na nyingine ndani ya koo ya kutafunia. Mdomo ukishaachiwa kazi ya kukamata peke yake, unaweza kubadilika utakavyo. Humu ziwani wamekuwako wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaokula dagaa na furu wenzao, wanaonyonya mayai na vichanga kutoka kwenye vinywa vya akina mama wengine, na wanaovunja konokono.

Hao wavunja konokono naomba niwaseme kidogo, hasa kwa ajili yenu wanafunzi. Yupo mmoja anaitwa *Astatoreochromis alluaudi*. Taya yake ya kooni ni nene, meno yake butu kama kichwa cha mchi. Katika miaka ya 1960, Humphry Greenwood, Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaeleza furu wa ziwa hili, alionyesha kwamba samaki huyu akilelewa bila konokono, kwa chakula laini, taya ile inakua nyembamba. Samaki yule yule, wazazi wale wale. Yaani si kila tofauti unayoiona imeandikwa kwenye vinasaba. Nyingine mwili unaijenga kwa kile unachokula. Kutenganisha hayo mawili ndiyo kazi inayotunyima usingizi sisi wanafunzi. Unachukua watoto wa mama mmoja, nusu unawapa konokono, nusu unawapa chakula laini, unangoja wakue, unapima taya. Haihitaji mashine ya mamilioni, inahitaji matangi, subira na daftari. Na konokono wenyewe si wageni kwenu. Humu wamo wale wanaobeba kichocho, ugonjwa ambao ukiuliza katika darasa lolote la pwani hii utakuta mikono inanyooka. Nani anawala konokono hao, na ni wangapi waliobaki wa kuwala, ni swali la mtoto wa Igombe kabla ya kuwa la mtu mwingine.

Tumrudie punda milia. Nilisema jike anachagua kwa rangi. Ili achague kwa rangi, lazima aone, na ili aone, lazima maji yapitishe nuru. Ona hii sahani nyeupe niliyoifunga kamba. Tunaishusha majini polepole kwa upande wa kivuli wa mtumbwi hadi inapotea machoni, kisha tunasoma kamba imeingia kiasi gani. Makobe sahani inakwenda zaidi ya mita mbili kabla ya kupotea. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza hadi Luanso, inapotea kwenye nusu mita hivi. Mara ya kwanza nilipopima Luanso nilidhani kamba imekatika.

Katika maji yetu nuru ya bluu hupotea mapema, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyobaki ya manjano na nyekundu. Makobe, wale wa bluu wanakaa juu, kwenye maji mafupi. Wekundu wanakaa chini yao kwa mita chache tu. Watafiti walipochunguza jeni la jicho linalopokea nuru nyekundu, walikuta la wa juu na la wa chini hayalingani. Kila mmoja ana jicho la nuru ya kwake, na dume anayeonekana vizuri katika nuru hiyo ndiye anayependwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Luanso je? Nuru haitoshi, tofauti ile ya macho haipo, na samaki nao hawakugawanyika. Huwakuti wa bluu na wekundu. Unamkuta mmoja wa katikati, wa rangi zote na asiye na hata moja.

Miaka kabla ya hapo, Ole Seehausen akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu Leiden, Uholanzi, alifanya jaribio ambalo mtu yeyote hapa anaweza kulielewa. Waliwaweka majike mbele ya madume wa bluu na wekundu. Chini ya taa ya kawaida, kila jike alimwendea wa kwake. Wakabadilisha taa, wakaweka ya rangi ya chungwa inayofanya bluu na nyekundu zionekane sawa. Majike wakaacha kuchagua. Mwaka 1997 yeye, Jacques van Alphen na Frans Witte wakaandika katika jarida la Science kwamba ziwa linapochafuka, aina za furu zinapungua hata kama hakuna nyavu wala sangara aliyewagusa. Hawafi. Wanaoana ovyo gizani hadi wanakuwa kitu kimoja.

Nilipoisoma makala hiyo mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Niliifunga nikatoka nje. Nilikuwa nimezoea kufikiri kiumbe hutoweka kwa kuuawa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anaweza kutoweka kwa kutoonekana.

Na uchafu huo tunaujua unakotoka. Mashamba yaliyolimwa hadi kwenye kingo za mito, udongo unaoshuka kila mvua ikinyesha, maji taka ya miji yetu, mbolea. Vyote vinalisha ule ukijani unaotanda juu ya maji siku upepo ukitulia.

Sangara je? Wazee hapa waliona kwa macho. Aliletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, kutoka maziwa ya kaskazini kama Albert. Alikaa kimya muda mrefu, kisha katika miaka ya 1980 akajaa hata Ghuba ya Mwanza. Kabla yake furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ya ziwa. Baada yake wanasayansi walikadiria kwamba aina kama 200 hazionekani tena. Sitasema sangara ni adui. Ada yangu ya sekondari ililipwa na mjomba aliyekuwa akipakia sangara, na nyumba nyingi za bati mnazoziona zimejengwa naye. Lakini hasara ni hasara, na ni lazima ihesabiwe na watu wale wale waliopata faida.

Tunajuaje kwamba ni 200? Kwa sababu kuna watu waliohesabu kabla. Mwaka 1977 timu ya Chuo Kikuu cha Leiden ikiongozwa na Frans Witte ilianza kufanya kazi Mwanza, ikishirikiana na watafiti wa hapa. Wanafunzi wao walikaa Nyegezi, wakavua sehemu zile zile mwezi baada ya mwezi, wakahifadhi samaki kwenye chupa. Walidhani wanasoma ekolojia ya furu, kumbe walikuwa wanaandika orodha ya mwisho ya walioko nyumbani kabla moto haujashika. Halafu miaka ya 1990, sangara alipokuwa amevuliwa sana, baadhi ya furu walianza kurudi. Mmoja ni *Haplochromis pyrrhocephalus*, furu mdogo wa maji ya kati. Walipomlinganisha na ndugu zake wa kwenye chupa za zamani, walikuta eneo la matamvua limeongezeka kwa zaidi ya nusu, katika miongo miwili tu. Ziwa lilikuwa limepungukiwa hewa, naye akaja na pumzi kubwa zaidi. Pasingekuwa na chupa, mtu angesema tu furu wamerudi, basi.

Na chupa bila lebo haina kazi. Nawaambia hili kwa uchungu. Msimu wangu wa kwanza wa kazi za ziwani nilivua sehemu tatu kwa siku moja. Jioni ilikuwa imenikuta, mawimbi yameanza, nikawamimina samaki wote kwenye ndoo moja nikijiambia nitawatenganisha nchi kavu. Nchi kavu sikuweza. Walikuwa 47, wameshapoteza rangi, na sikujua nani alitoka jiwe lipi. Samaki 47 walikufa wasiseme lolote. Usiku ule sikulala. Tangu hapo kila samaki wangu anapigwa picha akiwa hai, anakatwa kipande kidogo cha pezi kinachowekwa kwenye spiriti kwa ajili ya vinasaba, naye anaingia kwenye formalini pamoja na kikaratasi chake kilichoandikwa kwa penseli: mahali, kina, tarehe. Penseli, kwa sababu wino huyeyuka.

Wapo wenzangu wanaofanya kazi kama hii baharini. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar, na kule Tanga kuna hifadhi ya silikanti, samaki ambaye dunia nzima iliamini ametoweka na dinosaria hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Umbo lake limebadilika kidogo mno kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Nchi moja, wadogo zangu, ina samaki asiyetaka kubadilika na samaki wanaobadilika upesi kuliko wote. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza aitwaye Moore alikwenda Ziwa Tanganyika kwa sababu konokono wa kule wana makombe kama ya baharini, akadhani ziwa lile liliwahi kuwa bahari. Haikuwa hivyo. Konokono wale walijichonga makombe hayo humo humo kwenye maji baridi. Hayo yote yamo ndani ya mipaka yetu, na bado vijana wengi wa Mwanza wanamaliza shule wakijua majina ya dinosaria kuliko majina ya furu.

Nisieleweke vibaya kuhusu wageni. Walifanya kazi ya heshima, na vielelezo vya Ghuba ya Mwanza vimetunzwa vizuri Leiden na London. Lakini mimi kuona chupa ya samaki aliyevuliwa mahali ninapopaona nikisimama Capri Point, ilinibidi nipande ndege. Wapo Watanzania waliokwisha kufungua njia. Mwaka 2010 furu mmoja aliitwa *Haplochromis katunzii*, kwa heshima ya Egid Katunzi wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza. Mary Kishe-Machumu alipata uzamivu wake kwa kuchunguza furu wa ghuba hii wanakula nini, kabla ya sangara na baada yake. Njia ipo, inataka miguu mingi zaidi.

Kwa hiyo nina maombi. Wazee, wavuvi wa zamani walikuwa na majina. Furu wa kwenye mawe mliwaita mbipi, na kutoka kwenu jina hilo likaingia kwenye sayansi, *Mbipia*. Yapo mengine mliyoyasikia kwa baba zenu na hakuna aliyeyaandika. Nitakuwa hapa mwaloni kila Jumamosi asubuhi hadi mwezi uishe, chini ya mwembe wa ofisi ya BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, na daftari. Mkaka mwenye nyavu, ukiona furu usiyemzoea, usimchanganye na wengine. Mtie kwenye chombo chake, uniambie tu ulimpata jiwe gani. Sitanunua uongo, kwa hiyo kama hukumbuki, sema hukumbuki. Wanafunzi, sahani hii na kamba naiacha kwa mwalimu wenu wa baiolojia. Pimeni kila wiki, mahali pale pale, saa ile ile, andikeni. Mkifanya hivyo miaka mitatu mtakuwa na kitu ambacho mimi sina.

Maswali nitayapokea tukitembea, maana ndoo imeanza kupata joto. Mdogo wangu uliyemshika yule mama, shika mpini upande huu. Twende naye kwenye mawe alikotoka, na tumwache atulie kwanza, huenda akawaita wanawe mdomoni kabla hatujaiinamisha ndoo.